Ujumbe wa Merrylands kwa Mweka Hazina wa Jimbo

Nilipoajiriwa katika ofisi ya mweka hazina wa jimbo, mtu wa kwanza kulikuza jambo lile alikuwa mama yangu mzazi. Nilimpigia simu Nakuru nikamweleza taratibu, tena kwa maneno machache ili yasipotoshwe: ni kazi ya mapokezi. Nakaa kwenye dawati la mbele, napokea wageni, nawabandikia stika kifuani, nawaonyesha choo kilipo na chumba cha mikutano. Mama alisikia neno moja tu, hazina, na kabla jua halijatua shangazi zangu wote walikuwa na habari kwamba mtoto wetu amekabidhiwa pesa za Australia.

"Si Australia, Mama. Ni jimbo."

"Hata kama ni jimbo. Na huyo mweka hazina ni mmoja tu?"

"Mmoja."

"Mwenyekiti wake ni nani?"

Nikafikiri kidogo. "Anaitwa Premia. Ndiye mkuu wa serikali ya jimbo."

"Na katibu?"

Nikamwambia makatibu wapo wengi mno. Akaguna kama mtu aliyekuwa akishuku hivyo. Mama yangu ameshika hazina ya kikundi cha akina mama wa kanisa lake tangu mimi nikiwa darasani, na kwake yeye cheo hicho kina sanduku la bati chini ya kitanda na ufunguo uliofungwa kwenye pindo la leso. Alitaka kujua huyu wa Sydney ufunguo anauweka wapi. Nikamwambia sijui, nimeanza kazi Jumatatu.

Kwetu mtu mwenye kazi kama hiyo tungemwita waziri wa fedha, angekuwa na msafara wa magari, na hakuna mtu angemfikiria pamoja na sanduku la bati. Lakini huku cheo kilibaki na jina lake la zamani za ukoloni, na hakuna aliyejisumbua kulibadilisha. Kwa hiyo mtu anayesoma bajeti ya hospitali zote na reli zote za jimbo ana cheo sawasawa na cha mama yangu. Hilo mama aliliona kuwa haki kabisa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimewaogesha na kuwavisha wazee wa Merrylands, mtaa tunaoishi pembezoni mwa Sydney, kwa miaka, mpaka mgongo ukakataa. Nikasomea kazi za ofisi, nikajiandikisha kwa wakala wa ajira, na wakala akanipeleka mjini. Kanisani kwetu, ambako ibada ya Kiswahili huanza wenye jengo wakishamaliza yao na kutuachia viti vikiwa bado vya moto, habari zilifika kabla yangu. Sisi ni mchanganyiko: Wakenya wengi ni wauguzi na wanafunzi, Wakongo wengi wanafanya kazi kwenye maghala ya mtaa wa Minto, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, ingawa kila upande huamini kwamba upande wa pili unakiharibu. Watoto wetu hutusikia vizuri sana na kutujibu kwa Kiingereza.

Nilikana. Nataka hilo lieleweke. Kila Jumapili nilikana. Niliwaambia waumini kwamba mimi ni wa mapokezi, simjui huyo mtu, nimemwona mgongo mara mbili. Lakini kadiri nilivyozidi kukana ndivyo nilivyozidi kuheshimiwa. "Ni mnyenyekevu," walisema. Siku ya bajeti waandishi wa habari hufungiwa ndani ya ukumbi na makaratasi ya bajeti, bila simu, mpaka mweka hazina asimame bungeni kuanza kusoma. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kukusanya simu zao na kuzitia kwenye mifuko yenye namba. Jumapili iliyofuata mtu akaniuliza bajeti ilikuwa na nini, nikasema kweli kwamba sijui, nilikuwa nachunga simu.

"Ameapishwa," akasema mmoja nyuma yangu, kwa sauti ya chini. "Hawezi kusema."

Baadaye walitaka kunichagua niwe mweka hazina wa kanisa. Nilikataa, na ikatangazwa kwamba sheria ya jimbo hainiruhusu kushika hazina mbili.

Kilichonitia kwenye matatizo zaidi ni kazi ya kutembeza wageni. Ofisi yetu ilikuwa na ukumbi mrefu wenye picha za waweka hazina waliopita, tangu wale wenye ndevu za kufika kifuani hadi wale wenye tai nyembamba, na vikundi vya shule huja kuelezwa historia. Mwanamke aliyekuwa akifanya kazi hiyo alistaafu. Meneja akaniita akasema nina sauti nzuri, akanipa kurasa chache nizisome wikendi. Basi nikawa mwanahistoria.

Na historia yenyewe, kusema ukweli, ilinifurahisha. Hapo mwanzo koloni lilikuwa karibu halina sarafu kabisa. Watu walilipana kwa pombe kali. Fundi alijenga ukuta akalipwa chupa, na nadhani ukuta ulionyesha. Gavana mmoja akaleta sarafu za fedha za Kihispania, na kwa kuogopa kwamba mabaharia wataondoka nazo, akaamuru zitobolewe katikati. Tundu likabaki tundu, na kile kipande kilichotolewa nacho kikawa sarafu. Pesa za umma ziligawanywa mifuko miwili, mmoja akaushika daktari na mwingine akaushika mchungaji. Halafu akatumwa kutoka ng'ambo mtu mwenye cheo hasa cha mweka hazina, na kwa kuwa hakujengewa ofisi, alifanya kazi nyumbani kwake, na hazina ikawa humo humo. Nilipomsimulia mama hilo, alisema, "Umeona?"

Likaja bunge, na cheo kikawa cha mwanasiasa. Mara nyingi Premia mwenyewe alikishika, kwa sababu hakumwamini mwingine. Vita vikuu vya pili vilipokuja, serikali ya shirikisho ikachukua kodi ya mapato ya watu wote na haikuirudisha tena. Tangu hapo jimbo linaishi kwa kodi ya anayenunua nyumba, kodi ya anayeajiri, kodi ya anayecheza mashine za kamari, na fungu linalotoka Canberra, makao ya shirikisho, ambalo kila mwaka wanalilalamikia kuwa dogo.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu alisikia kuhusu ziara hizo. Ni Mkenya, msimamizi kwenye ghala, mtu ambaye hawezi kuomba chumvi mezani bila utangulizi.

"Dada," akaniambia baada ya ibada, "kwa heshima na taadhima, tunaomba utufungulie mlango. Jumuiya yetu ina haki ya kuonana na mweka hazina uso kwa uso."

"Mwenyekiti, ziara ni za kila mtu. Mnaingia kwenye tovuti, mnachagua siku."

Akanitazama, akatabasamu polepole, akanipiga bega. "Tumeelewana," akasema.

Alijaza tovuti siku hiyo hiyo. Kilichonishangaza ni kwamba mshauri wa habari wa mweka hazina aliona jina la jumuiya kwenye orodha ya wageni, akaja mpaka kwenye dawati langu. Alikuwa mwanamke mwembamba ambaye huzungumza nawe huku akisoma simu. "Hawa ni watu wako?" akauliza. Nikasema ni watu wa kanisani kwetu. Akasema itakuwa picha nzuri sana, bosi atapita awasalimie kwa dakika tano. "Watavaa yale mavazi yao?"

Nikasema kila mtu atakuja amevaa.

Walikuja wamevaa kweli. Wanaume suti, wanawake kitenge cha sare, na mwenyekiti na skafu ya bendera shingoni. Walikuja pia na zawadi: twiga wa mbao, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakuna aliyepata nafasi ya kuagiza kitu nyumbani, kwa hiyo walimnunua twiga Cabramatta, kwa mfanyabiashara mmoja Mvietnamu aliyewahakikishia kwamba ni wa Kiafrika. Askari wa mlangoni akampitisha kwenye mashine ya ukaguzi, akakwama shingo. Wakamgeuza. Mshauri alipomwona akaacha kusoma simu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Ana thamani gani?" akaniuliza kwa wasiwasi. "Zawadi ikizidi kiwango lazima itangazwe."

Nikamuuliza mwenyekiti. Mwenyekiti akavimba. "Mwambie upendo hauna bei."

Nikamwambia mshauri ni bei ndogo. Akapumua.

Nikawapitisha ukumbini. Nilikuwa nimezoea wanafunzi wanaopiga miayo, lakini hawa walisimama mbele ya kila picha kama watu waliokuja kutoa heshima za mwisho. Nilipofika kwenye mchungaji aliyeshika pesa za umma, wote wakageuka kumtazama mchungaji wetu, naye akatazama dari. Nilipofika kwenye vita na kodi iliyochukuliwa, mama mmoja Mkongo wa Minto, mtu mzima anayefunga mizigo zamu ya asubuhi na ambaye hakuwa amesema kitu tangu mlangoni, akanyanyua mkono.

"Ngoja kwanza, binti yangu. Huyu mukubwa, feza yake inatoka kule kwa bakubwa ingine?"

"Sehemu yake, Mama. Inatoka Canberra."

"Na yeye anangoja?"

"Anangoja."

"Basi naye iko anatumiwa feza kama watu ya kwetu!" Akapiga makofi mara moja. "Maskini. Na simu anapiga kila wiki?"

Ukumbi mzima ukacheka, na kwa miaka yangu yote pale sijawahi kusikia mtu akieleza uhusiano wa jimbo na shirikisho kwa ufupi kiasi hicho.

Mweka hazina akaingia. Mtu mrefu, mwenye haraka, na tabasamu ambalo lilifika mlangoni kabla yake. Akaanza kushikana mikono upande wa kushoto, na mwenyekiti, ambaye alikuwa amejipanga upande wa kulia, akahama. Kisha mwenyekiti akafungua hotuba yake. Alimshukuru Mungu, akashukuru wenyeji wa asili wa ardhi hii, akashukuru jimbo, akamshukuru mweka hazina, akaomba radhi kwa yeyote ambaye hakushukuriwa, halafu akasema sasa atakwenda moja kwa moja kwenye mada. Mshauri alikuwa anatazama saa. Mwenyekiti akageuza ukurasa.

Hapo ndipo yule mama wa Minto akamsogeza mwenyekiti kwa kiwiko, bila ubaya, kama mtu anayesogeza pazia.

"Mimi naomba kuuliza. Umuambie, binti yangu. Siku ya mungu, bisi ya asubuhi haipite kwetu. Kazi inaanza saa kumi na mbili. Tunaenda na miguu, tuko bamama, kuko giza. Feza ya leta iko wapi?"

Leta, kwa Wakongo, ni serikali, na siku ya mungu ni Jumapili. Nikatafsiri yote. Mweka hazina akainamisha kichwa upande, kama wanavyofundishwa, akasema hilo ni swali zuri sana, na kwamba analisikia.

"Anasema ni swali zuri sana, Mama. Analisikia."

"Eh, merci. Na jibu?"

Nikatafsiri. Akasema mambo ya mabasi yako kwa waziri wa uchukuzi, na kwamba atamfikishia.

"Si huyu njo iko na feza?"

"Ndiye."

"Basi amupigie ule mwenzake simu. Sasa hivi. Sisi tutangoja."

Nilisita. Mimi ni mtu wa mapokezi, nina mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Nilimtazama mshauri, naye akatikisa kichwa kidogo sana kunikataza. Lakini mama alikuwa amenishika mkono, na yeye ana umri wa mama yangu. Nikatafsiri kila neno.

Mweka hazina akacheka, na mara hii kicheko hakikuwa cha picha. Akajikuna shingo. "Mwambie," akasema polepole, "nikimpigia, ataniambia hana pesa kwa sababu mimi nimemnyima. Na mimi nitamwambia nimemnyima kwa sababu Canberra wameninyima. Hivyo ndivyo tunavyoishi humu."

Nikamweleza mama. Alifikiri kwa makini, akimtazama usoni, kisha akasema, "Mwambie pole." Nikasema pole yake kwa Kiingereza, nayo kwa Kiingereza haina nguvu hata robo, lakini nadhani aliipata.

Wakapigwa picha na twiga. Jioni picha ikatokea kwenye ukurasa wa mweka hazina, ikisema kwamba amefurahi kukutana na jumuiya ya Afrika Magharibi. Mwenyekiti alinipigia simu akiwa na hasira iliyomfanya asahau utangulizi. Nilipeleka malalamiko, maandishi yakarekebishwa, yakasema jumuiya ya Afrika Kusini. Tukaamua kunyamaza wasije wakatufikisha Jamaika. Mwenyekiti aliichapisha ile picha kwa ukubwa, akaitundika sebuleni kwake bila maandishi. Twiga alipewa namba ya mali ya serikali na kupelekwa stoo.

Kabla majira hayajabadilika, Premia alibadilisha mawaziri wake. Hatukuambiwa. Asubuhi niliingia kazini tukiwa na mweka hazina mmoja, na nilipotoka kula chakula cha mchana fundi alikuwa juu ya ngazi anafungua kibao cha jina. Washauri walibeba vitu vyao kwenye maboksi ya karatasi za kuchapishia, maana wao huja na bosi na huondoka na bosi. Yule mwembamba alisimama kwenye dawati langu akiwa na mmea wake wa chungu, akanirudishia kadi ya mlango. Kwa mara ya kwanza simu ilikuwa mfukoni.

"Ulisema zamani ulikuwa unahudumia wazee," akasema. "Huko wanaajiri?"

"Wanaajiri siku zote," nikamwambia. "Lakini mgongo uwe mzima."

Alisema asante. Nilimsaidia kuushika mlango.

Kanisani habari ziliwafikia kwenye runinga. Mwenyekiti alinikimbilia kabla sijakaa.

"Dada, na wewe? Umeondoka?"

"Nimebaki, Mwenyekiti. Sisi wa mapokezi ni watumishi wa umma, hatuondoki na waziri."

Akawageukia wengine na kutandaza mikono. "Mnaona? Mweka hazina ameondoka, dada yetu amebaki!" Wiki ile ikasemekana Merrylands yote kwamba mimi ndiye niliyemwondoa, kwa sababu ya basi.

Na basi lilikuja. Baada ya miezi kadhaa ratiba mpya ilitoka, na ndani yake kulikuwa na basi la alfajiri Jumapili. Waziri wa uchukuzi alitangaza kwamba ni juhudi zake. Mweka hazina mpya alitangaza kwamba ni bajeti yake. Mbunge wa eneo alipiga picha akiwa amesimama kwenye kituo. Mwenyekiti wetu alitoa ushuhuda wa nusu saa, na katika ushuhuda huo alikuwa amesema peke yake ofisini kule, na wengine tulikuwa tumebeba twiga. Nilimuuliza mama wa Minto kama analipanda. Akasema analipanda, lakini linachelewa, na dereva hajibu salamu.

Desturi ya ofisi ni kwamba mtu akishaondoka, picha yake hutundikwa ukumbini. Mweka hazina wetu wa zamani alikuja mwenyewe siku ya kutundikiwa, peke yake, akaingia kwa mlango wa mbele na kusimama kwenye foleni nyuma ya mtu wa kuleta vikombe vya kahawa. Mashine yangu ya kusajili wageni haikumtambua tena. Ilibidi nimuulize kama ninavyouliza kila mtu.

"Jina, tafadhali. Na unatoka shirika gani?"

Jina alilitaja haraka. Shirika likamshinda. Alikuwa bado mbunge, lakini wa kiti cha nyuma, asiye na wizara. "Andika tu binafsi," akasema. Nikamchapia stika, akaibandika mwenyewe, ikakaa upande.

Mwenyeji wake, yaani yule mpya, alikuwa amekawia kwenye mkutano. Nikamwambia anaweza kungoja kwenye viti au ukumbini. Akaenda ukumbini, na baada ya muda nikamwona amesimama mbele ya zile ndevu, mikono nyuma.

"Hawa wote ni akina nani?" akauliza. Miaka yote aliyokaa juu alikuwa akiingia kwa lifti ya nyuma inayotoka kwenye maegesho, kwa hiyo hakuwahi kupita hapa isipokuwa ile siku ya wageni, na siku ile alikuwa akitazama kamera.

Hapakuwa na mgeni mwingine. Nikampitisha, picha kwa picha, kama ninavyowapitisha wanafunzi. Alicheka sana kwenye pombe. Kwenye sarafu zilizotobolewa aliuliza maswali matatu manne, mazuri kuliko ya wanafunzi. Akasimama mbele ya mzee mmoja mwenye macho ya usingizi.

"Huyu alifanya nini?"

"Alishika cheo muda mfupi, kisha serikali yake ikaanguka."

"Na baada ya hapo?"

"Kwenye karatasi zangu hakuna zaidi."

"Hakuna kabisa?"

"Naweza kuuliza maktaba."

Akasema hapana, nisijisumbue.

Mpya akafika, akasema maneno ya kirafiki, fundi akatundika picha, wakapeana mikono mbele ya mpiga picha, na mpya akaondoka kwa lifti ya nyuma. Yule wa zamani alibaki akiitazama picha yake. Ilikuwa imeinama kidogo kushoto. Aliinyoosha kwa kidole, ikarudi kuinama.

Akarudi kwenye dawati, akabandua stika, akatafuta pa kuitupa. Aliniuliza stesheni ya treni iko upande gani, kwa sababu gari la serikali hana tena na alikuwa hajazoea. Ilikuwa saa yangu ya chakula, nikamwambia tutoke pamoja. Tulitembea hadi kwenye taa za barabarani. Akataka kujua kama kufika kwao ni lazima abadilishe treni stesheni ya Central. Nikamwambia abadilishe, na awahi kupanda behewa la mbele ili asikimbie kwenye ngazi. Alinishukuru, akashuka chini stesheni. Mimi nikanunua tambi kwa Mchina wa pembeni, nikazila nimesimama, maana kikundi cha shule kilikuwa kinanisubiri.